Choo Kilikimbia

Enzi hizo nilikuwa mapokezi, zamu ya usiku, kwenye gesti moja ya Sinza. Kiingereza changu kilitosha kumpa mgeni ufunguo na kumwonyesha chumba. Kikizidi hapo, nilikuwa natabasamu.

Saa tatu usiku simu ikalia. Chumba namba 6, mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima. Anaongea mbio mbio, nikadaka maneno mawili tu: toilet na running. Nikamwambia nimeelewa mama, pole sana. Mjini hapa nani asiyejua running stomach? Tumbo limemchafuka mgeni wa watu.

Nikatoka mkuku hadi duka la dawa, nikarudi na pakiti nne za ORS. Moja nikaikoroga kwenye lita moja ya maji ya chupa, nikaongeza na dafu kwa ubinadamu wangu. Kugonga mlango, mama anaangalia jagi, ananiangalia mimi. "Running!" anarudia, kidole kimenyooka bafuni. Nikamjibu kwa Kiingereza changu chote: kunywa, mama, taratibu. Akanywa, maskini. Nadhani alidhani ndiyo mila zetu.

Saa kumi na moja alfajiri mabomba yote kimya. Na wiki ile ilikuwa ya mgao, tegemeo letu simtanki la lita 1,000. Fundi bomba akapanda juu, likalia tupu kama ngoma. Akazunguka chumba hadi chumba, akamkuta mchawi namba 6: boya la tangi la choo limekwama, maji yametiririka usiku kucha. Hiyo nayo kwa wenyewe ni run!

Baadaye sana nikasoma kwamba mhariri mmoja wa kamusi ya Oxford alizihesabu maana za run, ikiwa kitenzi tu, akafika 645. Injini ikiwaka, pua ikitoa kamasi, mtu akigombea ubunge, duka likiendeshwa, yote run. Sawa, na sisi tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki. Lakini sijasikia mgeni aliyekausha tangi la watu kwa sababu ya kupiga.

Saa mbili mama mwenye gesti akaingia, khanga kaikaza kiunoni.

"Maji yangu yako wapi?"

Kwa kiwewe nikatafsiri neno kwa neno. "Shikamoo mama. Choo kilikimbia."

Akamtazama fundi. Akanitazama mimi.

"Kimekimbilia wapi?"