Wengi wanaacha kwa sababu ya mwendo, si uvivu

Ndugu mwandishi, umesema watu wanaanza kukimbia Januari na kuacha kabla ya Pasaka kwa kukosa nidhamu. Hapo sikubaliani nawe. Wengi ninaowaona hapa Dodoma wanaacha kwa sababu kila asubuhi kwao ni mateso: wanatoka nduki, mita mia nne pumzi zimekata, kesho yake magoti hayakunjiki. Nani atarudia jambo la namna hiyo?

Sisi wa mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma, tunatoka saa kumi na mbili kasoro, polepole, kiasi cha kupiga soga njia nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo; hata kutembea ruksa. Kuna mama mstaafu kwenye kundi letu, alianza kwa kutembea tu, kanga kiunoni. Sasa ndiye anayetugongea mageti tukichelewa! Upepo wa Julai mnaujua, vumbi mpaka kwenye meno, lakini ukijua wenzako wanakusubiri barabarani unavaa sweta unatoka.

Na watoto wetu waambiwe kwamba Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025 kule Tokyo, ni mzaliwa wa hapo jirani, Singida. Alimpiku Mjerumani kwenye mstari kabisa, muda wao ukaandikwa sawa, 2:09:48. Nikiikumbuka mbio ile nasisimka mwili mzima.

Aliye Kisasa anayetaka kuanza aje tu, hata na raba za kawaida.