Watoto Wetu Hawakutani Tena Darasani

Kila Novemba, watahiniwa wa kidato cha nne hapa Tanzania Bara hufungua karatasi ile ile ya Baraza la Mitihani, saa ile ile, na kusahihishwa kwa kanuni zile zile. Wengi wetu huuchukulia usawa huo wa karatasi kuwa ndiyo haki yenyewe: mtihani ni mmoja, aliyefaulu amefaulu kwa bidii yake, na aliyefeli akatafute ufundi. Mtazamo huo nausikia katika vikao vya wazazi na hata miongoni mwa wasomi, na kila mara naona unaficha jambo zito kuliko yote katika elimu yetu, nalo ni kwamba watoto wa wenye uwezo na watoto wa wakulima, wavuvi na mama lishe hawasomi tena pamoja. Wametenganishwa tangu wakiwa na miaka sita, na mtihani huja baadaye kuandika kwa alama kile ambacho kipato cha mzazi kilikwisha kukiamua.

Nchi hii iliwahi kulielewa tatizo hili vizuri sana. Wakati wa ukoloni shule zilitengwa kwa rangi, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika; na hata kwa Waafrika wenyewe elimu ilifuata njia ya misheni na zao la kahawa, ndiyo maana Kilimanjaro na Bukoba zilitangulia mbali huku Lindi na Mtwara zikibaki nyuma. Serikali ya uhuru iliufuta utengano wa rangi mapema. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akionya dhidi ya shule inayomng'oa mtoto kwa watu wake na kumfanya ajione bora kuliko wao, na mwaka 1969 shule nyingi za mashirika ya dini zikawekwa chini ya serikali ili mtoto asikose nafasi kwa sababu ya imani ya wazazi wake. Nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa na wilaya. Kijana wa Ngara akalala bweni moja na kijana wa Newala, na mtoto wa kiongozi akapanga foleni ya uji nyuma ya mtoto wa mkulima wa mihogo.

Sitaki kuupamba wakati huo kuliko ulivyokuwa. Nafasi zilikuwa chache mno, na watoto walio wengi waliomaliza darasa la saba waliishia hapo hapo, hata wale wenye akili kali. Wazazi wa mikoa iliyotangulia waliuona mgawo kuwa unawanyima haki watoto wao, wakaanza kujijengea shule, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo tumelipoteza bila kulijadili: paa la bweni lilipovuja, lilimvujia pia mtoto wa mtu ambaye simu yake hupokelewa wizarani siku hiyo hiyo.

Mageuzi ya uchumi yalipokuja, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipowafungulia watu binafsi milango, wenye uwezo ambao hapo awali walikuwa wakiwapeleka watoto Kenya na Uganda walipata shule za mchepuo wa Kiingereza karibu na nyumbani. Leo mbunge, daktari, mfanyabiashara, hata mwalimu wa shule ya serikali mwenyewe, akipata tu ahueni ya kipato humhamishia mwanawe huko. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo, kwa kuwa hakuna anayepaswa kumtoa mtoto wake kafara ili kuthibitisha msimamo. Ninachokitazama ni jumla ya maamuzi hayo: shule za umma zimekimbiwa na karibu kila mtu ambaye malalamiko yake yangesikilizwa.

Ndipo ninapozikumbuka shule za kata, sekondari za serikali zilizojengwa na wananchi kata kwa kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na katika miaka iliyofuata wananchi walisomba mawe, wakachimba misingi, wakafyatua matofali na kutoa michango ambayo wengine waliilipa kwa kuuza mbuzi. Sekondari zote nchini, ambazo mwaka 2004 hazikufika 1,300, zilivuka 4,000 kufikia mwaka 2010. Hilo ni tendo kubwa la watu wanyonge, na ninaumia kila ninapozisikia shule hizo zikiitwa za yeboyebo, kama vile ndala za bei rahisi. Kuta walizijenga wao. Walimu, vitabu na maabara vilikuwa jukumu la serikali, na vilichelewa. Waliopelekwa kufundisha mwanzoni walikuwa vijana waliomaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya wiki chache, ambao mtaani waliitwa vodafasta. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotoka, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na mjadala ukahamia kwenye viwango vya ufaulu. Swali la nani hasa walikuwa wamefeli, na walikuwa wamesomea wapi, lilipita haraka mno.

Shule za kata nyingi hazina bweni. Mwanafunzi anayekaa mbali hutembea kilomita nyingi asubuhi na jioni, au hupanga geto karibu na shule, chumba kimoja cha kukodi ambamo binti wa miaka kumi na mitano hujipikia, hujisomea na kujilinda peke yake. Kwa miaka mingi, binti wa namna hiyo akipata ujauzito alifukuzwa shule, hadi serikali ilipobadili msimamo Novemba 2021 na kuruhusu warudi masomoni baada ya kujifungua. Aliyekuwa akifukuzwa kwa kawaida alikuwa binti wa geto, kwani mwenzake mwenye mzazi wa kipato kikubwa alilala bwenini chini ya matroni, na hata alipopata matatizo familia yake ilijua pa kumhamishia.

Lakini pengo linalonisumbua kuliko yote ni la lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi na hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, ilhali mwenzake wa mchepuo wa Kiingereza anaendelea na lugha aliyoianza chekechea. Katika darasa la kata, mwalimu anayewajali wanafunzi wake hueleza usanisinuru kwa Kiswahili mpaka waelewe, kisha hugeukia ubao na kuandika notisi kwa Kiingereza, na wao huyanakili maneno wasiyoweza kuyasoma kwa uelewa, wakayakariri. Mtihani ukifika, kijana anayejua barabara jinsi jani linavyojitengenezea chakula hupata sifuri kwa sababu hakuweza kulieleza hilo kwa lugha ambayo haizungumzwi kwao, haizungumzwi sokoni, na mara nyingi haizungumzwi hata na walimu wake wakiwa ofisini. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuitazama upya elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, serikali ikakataa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa kukitumia katika ngazi zote. Hadi leo karatasi za kidato cha nne zinaandikwa kwa Kiingereza. Naelewa hofu ya wazazi kwamba watoto watafungiwa nje ya dunia, na mimi pia nataka kila mtoto wa Nachingwea akijue Kiingereza vizuri. Atakijua akifundishwa kama somo, tangu mapema, na mwalimu anayekimudu, wakati fizikia akiisoma kwa lugha anayoifikiria. Jambo hili limesubiri miaka zaidi ya 40 kwa sababu watoto wa wanaoliamua hawagongani na ukuta huo.

Fedha zinasimulia habari hiyo hiyo. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ilifutwa kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na watoto wengi walioitwa shuleni kwa uamuzi huo wasingefika bila huo. Ruzuku ambayo serikali huipa shule, hata hivyo, imebaki Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, viwango vilivyotokana na mipango ya wakati dola ya Marekani ilikuwa karibu Sh 1,000, ilhali sasa imevuka Sh 2,000. Darasa linajaa, chaki inapungua, na mzazi anaombwa tena mchango wa mlinzi au wa mwalimu wa kujitolea.

Napendekeza mambo ambayo hayahitaji tume nyingine. Ruzuku ipandishwe kulingana na kupanda kwa gharama za maisha. Mtahiniwa wa kidato cha nne aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, atakavyo. Nyumba za walimu na mabweni ya wasichana zijengwe kwanza kwenye kata za mbali. Na viongozi wa umma, ambao kwa sheria ya maadili ya mwaka 1995 hujaza tamko la mali na madeni, wajaze pia sehemu moja zaidi: watoto wao wangapi wanasoma shule za serikali na wangapi za binafsi, bila majina ya watoto wala ya shule. Jumla yake isomwe bungeni kila mwaka, kabla ya bajeti ya wizara ya elimu kupigiwa kura.