Maelekezo ya Jaribio: Taja Hatua, Usitaje Jibu

Tangu Gredi ya 7 ya mtaala wa umilisi ianze mwaka 2023, majaribio ya sayansi Nairobi hufanyika hata katika shule zisizo na maabara, madawati yakiunganishwa kuwa meza. Walimu hawakubaliani kuhusu jambo moja: mwanafunzi aelekezwe kiasi gani kabla ya kugusa vifaa?

Wanaotaka kila hatua itajwe wana hoja nzito. Chukua jaribio la kutafuta wanga kwenye jani. Jani huchemshwa majini, kisha hutiwa kwenye spiriti ya moto ili rangi ya kijani itoke, halafu hudondoshewa iodini. Mwalimu akisema tu "chemsheni jani kwenye spiriti", kuna kikundi kitakachoibandika spiriti motoni moja kwa moja, nayo hulipuka moto upesi mno. Aseme hivi: "Zimeni moto. Tieni jani kwenye neli yenye spiriti. Simamisheni neli ndani ya maji ya moto." Na ayaseme kabla ya kugawa vifaa, maana mtoto aliyekwisha kushika chupa ya iodini hasikii tena.

Upande wa pili hulalamika kwamba maelekezo mengi huua udadisi: mwanafunzi humaliza kazi bila kujua jani lilichemshwa kwa nini. Malalamiko ni ya kweli, ila naona lawama imeangukia pasipostahili. Kinachoua udadisi ni jibu kutajwa mapema. Waambie watoto wa Nairobi wachemshe maji "hadi yafike nyuzi 100", watangoja bure. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Wapo watakaoandika 100 hata hivyo kwa kuwa karatasi imesema. Hao wamefunzwa kutoamini macho yao, na hilo linaniuma. Karatasi ingesema "andikeni kipimo kila dakika hadi kisipande tena", kazi ingekuwa wazi vilevile, na swali la kwa nini si 100 lingetoka kwa watoto wenyewe.

Lugha nayo isisahaulike. Karatasi huwa za Kiingereza, na watoto wengi huelewana kwa Kiswahili na Sheng. Kikundi kimoja kikirudia hatua kwa maneno yake kabla ya jiko kuwashwa, mwalimu atajua mara moja ni hatua gani haikueleweka.