Mwanafunzi asinunue darasa kwa hela ya kula

Kila Jumapili jioni nampigia mdogo wangu, anayesoma mwaka wa pili chuo kikuu huko nyumbani Tanzania. Tukishasalimiana na kupeana habari za mama, tunaingia kwenye masomo, na hapo ndipo simu inaporefuka. Mimi niko Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani, tangu 2018. Nilikuja kusoma shahada ya pili, nikapata kazi, nikabaki. Chuo cha nyumbani nimekijua, cha huku nimekijua, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu.

Maktaba ya chuo kikuu hapa ilianza kufunguliwa usiku na mchana mwaka 2006. Lakini hata kwenda si lazima. Nilipojisajili nilipewa akaunti moja na neno la siri, na kwa hiyo akaunti nikawa nafungua vitabu na majarida nikiwa chumbani kwangu na soksi miguuni. Wi-Fi ya wanafunzi, eduroam, ukishaiweka kwenye simu inakutambua hata ukitembelea chuo cha nchi nyingine. Corona ilipofunga madarasa, muhula wetu ulianza Aprili 20, 2020 kwa njia ya mtandao. Nyumbani vyuo vilifungwa Machi 18, vikafunguliwa Juni 1, na rafiki zangu waliokuwa bado wanasoma walifungasha mabegi wakarudi kwao kusubiri.

Si kwamba huku ni bure. Jimbo hili linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na mimi za kwangu nilizipata kwa kuosha vyombo hotelini. Ila ukishalipa, hakuna anayekudai tena senti ili ufungue kitabu.

Baruapepe ya kwanza ya mtandao kupokelewa Ujerumani iliingia hapa hapa Karlsruhe, chuo kikuu, Agosti 3, 1984. Mkongo wa SEACOM, waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Hapo katikati ni miaka 25. Kwa hiyo simlaumu mtu kwamba tulichelewa. Ninachosema ni cha leo, maana mkongo umeshafika, simu tunazo, na bado mzigo tumemwachia mwanafunzi.

Enzi zangu tulisoma kwa desa, yaani kopi za notisi. Unaamka mapema uwahi steshenari, unatoa kopi kurasa ambazo wino wake umefifia kwa sababu nazo ni kopi ya kopi, unapigia mstari, unamwachia wa nyuma yako. Siku hizi desa liko kwenye simu. CR, yaani mwakilishi wa darasa, akipokea slaidi kutoka kwa mhadhiri anazitupa kwenye kundi la WhatsApp, na ndani ya dakika moja darasa zima limepata. Ni hatua kubwa, sitaki kuidharau. Lakini kwa mdogo wangu mtandao wa chuo hauvuki majengo ya utawala na maktaba, hosteli haufiki. Akitaka kutazama mhadhara uliorekodiwa usiku, ananunua bando. Posho ya mkopo, ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022, na bando linakatwa humo humo. Nimemsikia kwa masikio yangu akisema, "Kaka, leo nimekula chai na maandazi, maana kesho kuna video ya kutazama." Mtoto wa watu anapima wali na somo kwenye mizani moja. Hili linaniuma kuliko jambo lolote ninaloandika hapa.

Sasa nije kwenye lugha, kitu ambacho nilikiona vizuri baada ya kuondoka. Mjerumani wa mwaka wa kwanza anafundishwa hesabu kwa Kijerumani. Anauliza kwa lugha aliyonyonya nayo, anakosea kwa lugha hiyo, anarekebishwa kwa lugha hiyo. Sisi tulikaa ukumbini watu mia tatu, mhadhiri anaongea Kiingereza, anauliza kama kuna swali, kimya. Maswali tulikuwa nayo. Tuliogopa sentensi itavunjikia njiani na watu wacheke.

Juzi mdogo wangu alikwama kwenye mchepuko wastani. Jina lake la Kiingereza, standard deviation, alilijua tangu kidato cha tano na kanuni aliikariri, ila maana hakuwa nayo. Akaiandikia akili mnemba (AI), programu inayojibu maswali, kwenye simu, kwa Kiswahili, imweleze kama inamweleza mama muuza nyanya. Ikamletea akina mama wawili wa sokoni. Wa kwanza kwa siku tatu kauza ndoo 19, 20 na 21. Wa pili kauza 2, 38 na 20. Wastani wao ni ndoo 20 sawasawa, lakini yupi unaweza kumkopesha hela ukalala usingizi? Mchepuko wastani unapima mauzo yanavyopanda na kushuka mbali na wastani huo. "Kaka, kumbe ndiyo hiyo!" Alipiga kelele mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Miaka minne alikuwa anaikokotoa bila kuijua.

Wiki hiyo hiyo, chombo hicho hicho kilimtajia kitabu cha kunukuu kwenye asaimenti, na jina la mwandishi na mwaka. Alikwenda maktaba, mkutubi akatafuta, akarudia, akamwambia, "Mwanangu, hiki kitabu hakipo duniani." Nilimwambia ashukuru amekwenda kuuliza.

Kwa hiyo nikisikia vyuo vinataka kupiga marufuku akili mnemba, nasema hapana, na nikisikia mtu anasema wahadhiri hawahitajiki tena, nasema hapana kwa sauti zaidi. Huku masomo yangu kadhaa ya shahada ya pili yalimalizwa kwa mtihani wa mdomo: profesa, msaidizi anayeandika, na karatasi nyeupe mezani. Dakika thelathini unachora na kueleza, naye anauliza kwa nini, na tena kwa nini. Hapo simu haikusaidii. Najua darasa la watu mia tatu haliwezi kuhojiwa hivyo mmoja mmoja. Hata dakika tano kwa kila kundi la watu watano zingetosha, na ningependa waulizwe kwa Kiswahili. Wi-Fi hadi hosteli, mihadhara iwe na maelezo mafupi ya Kiswahili yaliyorekodiwa na mhadhiri mwenyewe: hayo ndiyo ningeyaomba kabla ya kompyuta mpya za kupigwa picha siku ya uzinduzi.

Na kuna kitu cha nyumbani ambacho huku sijakipata. Mihadhara ya huku iliporekodiwa, kumbi zilipungua watu. Nilimaliza muhula mzima wa somo moja bila kujua sura ya hata mwenzangu mmoja. Nilikuwa na kila kitabu, sikuwa na mtu wa kumwambia "hapa sijaelewa".

Jumapili iliyopita bando lilimkatikia tukiwa katikati ya maongezi. Jumatatu asubuhi akanitumia ujumbe wa sauti kutoka kwenye ngazi za jengo la utawala, ambako Wi-Fi inashika. Nyuma yake nilisikia wasichana wengine, mmoja anaeleza, mwingine anakataa, halafu mmoja anauliza, "Ngoja, yule mwenye ndoo 38, rudia."