Kompresa ya bendi nyingi itoke kwenye masta, irudi kwenye treki

Prodyuza wengi wanaotumia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, huweka Maximus, kompresa yake ya bendi nyingi, kwenye masta, yaani njia ya mwisho anapopita wimbo mzima, kabla hata ngoma ya kiki haijapata sauti yake, wanachagua preseti yenye jina tamu, kisha wanamiksi wimbo mzima juu yake. Nadhani hapo ndipo miksi nyingi zinapoharibika, na si kosa la Maximus. Ni plagini nzuri, imewekwa tu mahali isipohitajika.

Angalia inavyofanya kazi. Krosova, yaani vichujio vya mipaka, zinaigawa sauti katika vipande au bendi: chini, kati na juu. Kila kipande kinapita kwenye kompresa yake, inayobana sauti inapozidi kiwango, halafu vyote vinaunganishwa tena. Kwenye masta, kila kipande kimebeba ala nyingi kwa pamoja. Kiki ikipiga, bendi ya chini inabanwa, na gitaa la besi lililomo humo linashuka nayo. Mwimbaji akipaza sauti, bendi ya kati inabanwa na ngoma ya snea inafifia kwa muda huohuo. Uwiano wa ala ulioupanga kwa fader, vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, unapanguliwa kila pigo, na ukirudi kwenye fader kurekebisha unaanza kugombana na plagini yako mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: tatizo lipo muda wote, au linakuja na kuondoka? Likiwepo muda wote, tumia ekwalaiza, umemaliza. Ikiwa ni treki nzima inayopanda na kushuka, kompresa ya kawaida au otomesheni ya fader inatosha. Kompresa ya bendi nyingi ni kwa ajili ya hali ya tatu tu, pale frikwensi za eneo moja zinapochomoza katika baadhi ya sehemu za wimbo, kwingine zikiwa sawa.

Mfano mzuri ni sauti ya mwimbaji. Maiki ya kadioidi, inayopokea zaidi sauti ya mbele, huongeza besi kadiri mdomo unavyoisogelea. Beti inaimbwa kwa upole, mdomo karibu, na sauti inavimba. Kiitikio kinaimbwa kwa nguvu, mwimbaji amerudi nyuma, uvimbe umekwisha. Ukikata desibeli 4 kwenye 250 Hz kwa ekwalaiza, beti inapona na kiitikio kinakonda. Hapa ndipo bendi moja inapolipa. Washa bendi moja tu na uziache nyingine bila kubana chochote. Isikilize peke yake kwa solo, usogeze mipaka mpaka usikie uvimbe wenyewe, kisha toa solo. Anza na uwiano wa kubana wa 2:1 au 3:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 15 hadi 20, rilizi (muda wa kuachia) 100 hadi 150. Shusha kizingiti, kiwango ambapo kubana kunaanza, taratibu mpaka mita ionyeshe upunguzaji wa desibeli 2 au 3 kwenye maneno yaliyovimba, na itulie kwenye kiitikio. Mita ikicheza wimbo mzima bila kupumzika, rudi kwenye ekwalaiza.

Mipaka ya bendi inahitaji uangalifu zaidi kuliko ule watu wanaoipa. Tuseme beti inapanda na kushuka kati ya A3, ambayo ni 220 Hz, na D4, karibu 294 Hz. Ukiweka krosova kwenye 250, noti za chini zinabanwa na za juu zinapona, na sauti inabadilika rangi kila melodi inapovuka mstari. Mteremko wa krosova unapunguza makali ya jambo hilo, hauliondoi. Mipaka ya 150 na 400 inaziweka noti zote za beti upande mmoja. Tafuta noti za mwimbaji kwenye kinanda kwanza, ni kazi ya dakika moja.

Kwa mwimbaji anayechoma masikio akipanda juu, bendi inayoanzia 2.5 hadi 5 kHz yenye ataki ya milisekunde 3 hadi 5 hufanya kazi safi. Herufi za "s" ziachie di-esa, plagini ya kupunguza mlio wa "s" kali.

Besi ina mtego wake. Wimbi moja la 50 Hz linachukua milisekunde 20. Ukiweka ataki ya 1 na rilizi ya 10, kompresa inafuata umbo la wimbi lenyewe badala ya kufuata nguvu ya noti, na unasikia mkwaruzo unaofanana na spika iliyopasuka. Watu huanza kulaumu kadi ya sauti. Weka ataki 20 hadi 40 na rilizi kuanzia 100, mkwaruzo unaondoka.

Hesabu ya rilizi inategemea kasi ya wimbo. Gawanya 60,000 kwa BPM (mapigo kwa dakika) upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa BPM 100 una pigo la 600, nafasi ni tele. Singeli ya BPM 240 ina pigo la 250, na nusu pigo ni 125. Kiki ikipiga kila nusu pigo huku rilizi ikiwa 200, bendi ya chini haifunguki wimbo mzima, na unachopata ni sauti iliyoshushwa daima. Hiyo ungeipata bure kwa fader.

Halafu kuna fazi, yaani jinsi mawimbi yanavyopangana kwa wakati, ambayo wengi hawaitazami. Krosova za kawaida zinazungusha fazi hata kama hujabana chochote. Jaribu: nakili treki, weka plagini kwenye nakala moja na uwiano wa 1:1 kwenye bendi zote, geuza poleriti ya nakala ya pili (juu ya wimbi iwe chini), cheza zote mbili. Kukiwa kimya, plagini haijagusa kitu; ukisikia mabaki, hayo ndiyo mabadiliko inayoleta kabla hujaanza kazi. Kwa sababu hiyo, ukiweka plagini ya aina hii kwenye basi ya pembeni, njia inayokwenda sambamba, na kuichanganya na treki kavu isiyo na plagini, snea inapoteza mwili karibu na krosova. Modi ya linia fezi (linear phase) inaondoa mzunguko huo, ila inaongeza ucheleweshaji na inaweza kuacha mwangwi mdogo *kabla* ya pigo, na kwenye kiki unasikika. Pro-MB, kompresa ya bendi nyingi ya FabFilter, ina modi inayogusa fazi pale tu inapobana. Asiye na bajeti achukue TDR Nova, ekwalaiza dainamiki ya bure isiyohitaji kuikata sauti vipande. Kwa kazi nyingi nilizotaja inatosha kabisa. Anayetumia programu ya REAPER tayari ana ReaXcomp, kompresa yake ya bendi nyingi.

Kuhusu OTT, plagini ambayo kila kijana wa biti anayo: inabana vilivyo juu na kuinua vilivyo chini kwa pamoja, kwenye bendi tatu. Kwenye sinthi ni raha. Kwenye sauti ya mtu inainua pumzi, feni na magari ya barabarani. Shusha nobu ya Depth hadi asilimia 10 au 20 kabla hujaanza kusikiliza.

Na kila mara, sawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kulinganisha. Preseti nyingi huongeza geini ya kufidia, yaani sauti inayopandishwa baada ya kubana, na sikio linaipenda yenye sauti kubwa hata kama imeharibika.

Ukiona lazima ibaki kwenye masta, iweke mwisho, miksi ikishasimama bila hiyo. Uwiano usizidi 1.5:1, upunguzaji usizidi desibeli 1 hadi 2 kwa bendi, na krosova zikae mbali na eneo la sauti ya mwimbaji.