Usilipie Usichokitumia: Namna ya Kuutazama Mtaa Kabla ya Kupanga

Kila anayejiandaa kuhamia jiji kubwa huuliza swali lile lile: ni mtaa gani mzuri ambao kodi yake si ya kuumiza? Nimeulizwa mara nyingi, na siku hizi sijibu kwa kutaja mtaa. Humuuliza mwenzangu anafanya kazi wapi na saa ngapi, kama ana watoto wa shule, kama ana gari, na kama usingizi wake ni mwepesi. Wengine hudhani ninakwepa. Ukweli ni kwamba kodi ya mtaa ni bei ya vitu vingi vilivyofungwa pamoja: ukaribu wa kituo cha treni, sifa ya shule, utulivu, usalama, maegesho, na hata jina la mtaa lenyewe, ambalo watu hulilipia ili wapate la kujibu wanapoulizwa wanakaa wapi. Mpangaji hawezi kununua kimoja na kuacha kingine. Anachoweza kufanya ni kutafuta mtaa ambao umepungukiwa na kile ambacho yeye hakihitaji. Huo ndio mtaa wenye thamani kwake, hata kama jirani yake asingekubali kukaa hapo hata kwa nusu ya kodi.

Chukua suala la shule. Mwaka 1999 mwanauchumi Sandra Black alichapisha utafiti uliolinganisha nyumba zilizokuwa pande mbili za mipaka ya shule katika vitongoji vya jimbo la Massachusetts nchini Marekani, yaani nyumba zilizokaribiana, zenye mazingira yanayofanana, ila watoto wa upande mmoja walipangiwa shule tofauti na wale wa upande wa pili. Aligundua kwamba pale ambapo matokeo ya mtihani yalizidi kwa asilimia 5, bei ya nyumba nayo ilizidi kwa takriban asilimia 2. Zile zilikuwa nyumba za kununua, lakini mwenye nyumba anayepangisha anajua hesabu hiyo vizuri kuliko mpangaji wake. Mtu asiye na mtoto anayepanga upande wa shule nzuri anachangia kitu ambacho hatakigusa, ilhali ng'ambo ya barabara kuna nyumba ya aina ile ile inayotazamana na mti ule ule. Vivyo hivyo kwa mtu wa zamu ya usiku anayelipia ukaribu wa treni za asubuhi ambazo hatazipanda, au asiye na gari anayekodi nyumba yenye maegesho mawili kwa sababu tu ndiyo dalali aliyomwonyesha kwanza.

Umbali ndio jambo linalowapotosha watu zaidi. Mtaalamu wa uchumi wa miji William Alonso alieleza mwaka 1964, katika nadharia ambayo bado inafundishwa vyuoni, kwamba bei ya ardhi hushuka kadiri mtu anavyotoka katikati ya jiji kwa sababu kila anayesogea mbali hufidia kwa nauli na muda anachookoa kwenye kodi. Hilo ni sahihi kwa ujumla, lakini mtu akilichukua kama lilivyo atadhani unafuu unapatikana pembezoni pekee, ataanza kuzunguka kwenye vituo vya mwisho vya reli, na atajikuta akiishi ndani ya treni. Kodi katika jiji halisi haishuki kwa miduara iliyopangika. Hushikamana na reli na barabara kuu, ikapanda karibu na kila kituo na kushuka katikati ya njia mbili za reli, na ni huko katikati, kwenye mitaa inayohudumiwa na mabasi tu, ambako mara nyingi mtu hupata nyumba isiyo mbali na kazini kwa kodi ya watu wa mbali.

Kwa nini mitaa hiyo husahaulika? Nadhani ramani ya treni ina mchango mkubwa. Ramani ya reli za chini ya ardhi za London iliyochorwa na Harry Beck na kutolewa kwa umma mwaka 1933 iliacha kabisa kufuata umbali halisi; iliweka mistari iliyonyooka na vituo vilivyopangwa kwa nafasi zinazokaribiana kulingana, na majiji mengi duniani yakaiga mtindo huo. Ni ramani nzuri sana kwa msafiri na ni ramani mbaya kwa mtafuta nyumba. Leicester Square na Covent Garden zimeachana kwa takriban mita 260, umbali ambao mtu humaliza kwa miguu kabla hajafika chini kwenye treni, lakini kwenye karatasi ni vituo viwili kamili. Kosa hilo hilo huenda upande wa pili pia: mtaa usio na kituo hauonekani kabisa, na kisichoonekana hakina wateja wengi. Kwa hiyo weka kando ramani ya treni, fungua ramani ya kawaida yenye vipimo, tia alama kazini kwako, kisha angalia ni mabasi gani yanayofika hapo moja kwa moja na yanatokea wapi. Basi moja lisilohitaji kubadilisha lina thamani kuliko treni mbili za haraka zenye kusubiri katikati.

Halafu kuna zile dakika za kwenye matangazo. Nchini Japani angalau kuna kanuni: tangazo la nyumba likisema mwendo wa miguu hadi kituoni, kila mita 80 huhesabiwa dakika moja, na kipande kinachobaki huongezwa kuwa dakika nzima. Hata hivyo kanuni hiyo haihesabu muda wa kusimama kwenye taa za barabarani wala kupanda mlima. Mahali ambapo hakuna kanuni yoyote, "dakika tano kutoka kituoni" ni dakika tano za dalali, ambaye yeye alifika kwa pikipiki. Tembea mwenyewe, saa ile ile utakayokuwa ukienda kazini, ukiwa umebeba mzigo utakaokuwa ukiubeba.

Nikija kwenye hesabu yenyewe, watu wengi wameshika kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Kanuni hiyo inaheshimiwa kupita kiasi chake. Chimbuko lake kubwa ni sheria za nyumba za umma za Marekani, ambako mwaka 1969 kodi ya mpangaji iliwekewa ukomo wa asilimia 25 ya kipato chake na mwaka 1981 ukomo huo ukapandishwa hadi asilimia 30. Ulikuwa uamuzi wa bajeti ya serikali, na haukukusudiwa kumwambia mtu achague mtaa upi. Taasisi ya Center for Neighborhood Technology ya Chicago ilipendekeza kipimo kilicho bora zaidi: jumlisha nyumba na usafiri, na jumla hiyo isizidi asilimia 45. Mtu akifanya hesabu hiyo kwa uaminifu, mitaa kadhaa ya pembezoni iliyoonekana ya bei ya kutupa hugeuka kuwa ghali, hasa ikiwa inamlazimu kumiliki gari, kwa maana gari halidai nauli tu bali linadai bima, matengenezo na mahali pa kulilaza.

Hata kipimo hicho kinaacha muda nje. Mwaka 1994 mwanafizikia Mwitaliano Cesare Marchetti, akijenga juu ya kazi ya mtafiti wa usafiri Yacov Zahavi, alitoa hoja kwamba binadamu wa nyakati na nchi mbalimbali hutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku safarini, kwenda na kurudi, na kwamba usafiri ukiwa wa kasi zaidi watu husogea mbali zaidi badala ya kubaki walipo na kuokoa muda. Siichukulii saa hiyo kama sheria ya maumbile, lakini naiona ni mpaka unaofaa kuheshimiwa. Anayekubali saa tatu kwa siku kwa sababu kodi imeshuka kidogo hugundua baada ya muda kwamba analipia tofauti ile kwa chakula cha kununua, kwa teksi za usiku na kwa jamaa anaoacha kuwatembelea.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote haya, nalo ni kwamba bei ya mtaa hubeba sifa za zamani kwa muda mrefu ajabu. Watafiti Stephan Heblich, Alex Trew na Yanos Zylberberg walifuatilia mabomba ya moshi ya viwanda katika miji 70 ya Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Kwa kuwa upepo wa huko huvuma zaidi kutoka magharibi, moshi ulisukumwa upande wa mashariki, wenye uwezo wakahama, na maskini wakabaki. Kisha zikaja sheria za hewa safi za mwaka 1956 na 1968, moshi ukaondoka, lakini mitaa iliyofukizwa sana ikaendelea kuwa ya watu wa kipato cha chini kwa miongo mingi baadaye. Sisemi kwamba kilichobaki ni jina baya peke yake. Umaskini ukikaa mahali huja na shule dhaifu na huduma haba. Ninachosema ni kwamba bei ya leo inaweza kuwa na sababu ambayo haipo tena, na mpangaji anayechunguza sababu hiyo ana faida juu ya yule anayesikiliza tu watu wanasemaje.

Ndiyo maana msemo wa "rahisi ghali" siukubali mzima mzima. Mtaa huwa rahisi kwa aina mbili za sababu. Kuna zile utakazozilipia kila siku, kama maji yanayokatika, mafuriko, au njia ya giza kutoka kituoni. Na kuna zile ambazo ni habari tu, kama tukio lililoandikwa magazetini miaka mingi iliyopita, lafudhi ya wakazi, au soko lenye kelele za mchana wakati wewe mchana hupo. Kazi yote ya kutafuta nyumba ni kuzitenganisha hizo mbili.

Ushauri mmoja unaorudiwa sana naupinga waziwazi: kwamba mpangaji atafute "mtaa unaochipukia". Huo ni ushauri wa mnunuzi anaopewa mpangaji. Mnunuzi hufurahi mtaa unapopanda, kwa sababu mali yake imepanda nao. Mpangaji mtaa ukipanda anapandishiwa kodi, na asipoweza anaondoka. Mwanasosholojia Ruth Glass aliyaeleza hayo kuhusu London tangu mwaka 1964, jinsi watu wa tabaka la kati walivyoingia katika mitaa ya wafanyakazi hadi wenyeji wakasukumwa nje. Njia mpya ya reli ikitangazwa, bei hazingoji treni ya kwanza. Elizabeth line ya London ilifunguliwa Mei 2022 baada ya kucheleweshwa tangu Desemba 2018, na aliyehamia mapema kwa kuifuata angekuwa amelipia kwa miaka zaidi ya mitatu treni isiyokuja. Mtaa unaomfaa mpangaji ni ule uliotulia: haushuki, haupandi, maduka yake ni yale yale, na hakuna anayeuandika kwenye orodha za mitaa ya kuhamia.

Ukishachagua mitaa miwili au mitatu, nenda ukaiangalie kwa macho, na usiende Jumapili mchana, kwani Jumapili mchana kila mtaa ni mpole. Nenda usiku wa katikati ya wiki na nenda asubuhi ya kazi. Angalia kuta za vyumba vya chini: rangi mpya iliyopakwa hadi usawa wa goti au kiuno, huku sehemu ya juu ikiwa ya zamani, mara nyingi inaficha unyevu au alama ya maji yaliyoingia ndani. Fungua bomba la juu kabisa wakati bomba la chini limefunguliwa, uone kama maji bado yanapanda. Kama kuna uwanja wa ndege jirani, ujue kwamba ndege huruka na kutua zikielekea upepo, kwa hiyo mtaa uliokuwa kimya siku uliyoutembelea unaweza kuwa chini ya ndege siku upepo utakapogeuka. Hilo utamuuliza mkazi, maana dalali hatalikumbuka. Angalia pia vibao vya "nyumba inapangishwa". Kimoja au viwili ni kawaida, ila vikiwa vingi kwenye jengo moja na hakuna kwenye majengo ya pembeni, kuna jambo ndani ya jengo hilo.

Na mtu wa kumtafuta kwa udi na uvumba ni mpangaji anayehama. Huyo hana cha kukuuzia. Muulize bili zake za maji na umeme zilikuwaje, amana yake amerudishiwa au bado anazungushwa, na zaidi ya yote muulize anahamia wapi. Akisema anahamia upande mwingine wa jiji kwa sababu ya kazi, hujapata kitu. Akisema amechoka na mtaa, mwache azungumze hadi amalize. Lakini akisema anahamia jengo la tatu kutoka hapo, basi mtaa hauna neno, mwenye matatizo ni mwenye nyumba, na unachotakiwa kumwomba ni namba ya simu ya huyo mwenye nyumba mpya.