Mjomba Apima Oili ya Giaboksi

Siku tuliyopeleka posa ya mdogo wangu Lushoto, mjomba ndiye aliyekuwa mshenga, na kwa kuwa aliendesha malori ya mkonge kwa miaka mingi, alijiteua pia kuwa mkaguzi wa gari. Gari lenyewe ni Corolla yangu ya miaka ya 1990, yenye giaboksi ya otomatiki ambayo bado ina kijiti chake cha kupimia oili. Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti hicho, na nadhani waliokiondoa nao wana wajomba.

Alfajiri pale Tanga, injini ikiwa imelala usiku kucha, mjomba alichomoa kijiti akiwa tayari ndani ya kanzu nyeupe ya posa, akakuta oili imeipita mbali alama ya HOT, yaani ya oili ya moto. Akatangaza kwamba fundi wangu wa Tanga ameijaza kupita kiasi. Nilimweleza kwa adabu zote kwamba injini ikizimwa pampu huacha kuvuta, oili iliyokuwa juu hurejea chini, na kijiti kikaonyesha kiasi kikubwa kuliko kilivyo. Kwa hiyo giaboksi hii hupimwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa ya moto. Alinijibu kwamba yeye alianza kupima oili kabla mama yangu hajaposwa, kisha akaingiza mpira mwembamba na kuvuta karibu lita moja kwa bomba la sindano.

Baadaye, ili ionekane kwamba hana ubishi, aliniamuru niwashe. Pampu ikainyanyua oili na kuisambaza ndani, na kijiti kikatoka kikavu.

"Unaona?" akasema mjomba. "Giaboksi yako inakunywa!"

Akairudisha ile lita yote, akaongeza kutoka kwenye galoni ya akiba, akaendelea kumimina hadi alama ya HOT, ambayo imewekwa kwa oili yenye nyuzijoto 70 hadi 80, ilhali yetu ilikuwa bado na ubaridi wa usiku na ilistahili kusomwa kwenye alama ya COOL. Mjomba hapingwi mara mbili asubuhi moja, hasa akiwa ndiye atakayekuombea mke wa mdogo wako.

Muheza, Segera na Korogwe tulizipita salama. Mlima ulipoanza baada ya Mombo, oili ilizidi kupata moto, ikatanuka, ikafikia gia zinazozunguka, nazo zikaichapa mpaka ikawa povu. Povu lina hewa, halina nguvu ya kubana klachi, kwa hiyo injini ilinguruma kwa hasira huku gari likisogea kwa kusitasita. Lilipokosa nafasi ndani, povu lilitoka kwenye tundu la kupumulia, likadondokea ekzosti, na moshi ukapanda. Shangazi alishuka kabla gari halijasimama, sinia la halua likiwa kichwani, akiitamka shahada kwa sauti iliyosikika bondeni.

Tulijikokota hadi Soni, penye kiwanja tambarare, ambako fundi mmoja kijana aliacha injini ikinguruma, akakanyaga breki, akapitisha gia kutoka P ya kuegesha hadi L ya gia ya chini akitulia kidogo kila mahali, akarudi P, akachomoa kijiti, akakifuta kwa kitambaa safi, akakizamisha hadi mwisho na kukichomoa tena. Kisha akapunguza oili hadi ikakaa katikati ya alama za HOT.

"Mzee, nani aliyejaza hivi?" akauliza.

"Fundi wa Tanga," akajibu mjomba bila kupepesa.

Oili hiyo ni nyekundu. Tulipofika, baba wa binti aliitazama kanzu ya mshenga wetu, yenye mabaka mekundu kutoka kifuani hadi magotini, akauliza kwa upole kama mbuzi wa posa tumekwisha kumchinja njiani.

Mjomba akaketi, akakohoa kidogo. "Ni oili tu, mzee mwenzangu. Kule Tanga hatuna mafundi."